Ukibeba Hema, Beba na Ndoano

Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza alinitumia ujumbe wa sauti baada ya kuona picha zangu. Alianza kwa kucheka, kisha akauliza: "Kaka, yaani unabeba kilo 15 mgongoni, unatembea porini siku tatu, unavua samaki, halafu unamrudisha mtoni? Si bora ungelala tu?" Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na kwa kuwa najua si yeye peke yake anayefikiri hivyo, naliandika hapa.

Nilisoma muhula mmoja Arkansas, Marekani. Kaskazini mwa jimbo hilo kuna nyanda za juu ziitwazo Ozarks, ambazo zinashika pia sehemu kubwa ya kusini mwa Missouri. Kwa mtu aliyewahi kuiona Kilimanjaro, vilima vile havitishi. Lakini nchi ile ni ya mawe ya chokaa, kwa hiyo ina mapango, chemchemi na genge ndefu, na mito yake ni miangavu hadi unahesabu kokoto za chini. Mmoja wa mito hiyo ni Buffalo. Zaidi ya kilomita 200 za mto huo ziko ndani ya hifadhi ya taifa, na hakuna bwawa hata moja lililouziba.

Wanaokwenda pale bila mtumbwi wako makundi mawili. Kuna watembeaji, wenye mabegi makubwa na hema, wanaohesabu kilomita. Kuna wavuvi, wanaoegesha gari karibu na maji na kurusha ndoano mpaka jua lizame. Makundi haya yanasalimiana tu na kupitana. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi akipata nafasi ya kwenda, asichague. Abebe hema na abebe ndoano, kwa sababu kila kimoja kinarekebisha kasoro ya mwenzake.

Nianze na kasoro ya mtembeaji, maana niliifanya mimi mwenyewe. Safari yangu ya kwanza tulikuwa wanne. Njia kuu ya miguu ya sehemu ya juu ya Buffalo inatoka Boxley hadi Pruitt, karibu kilomita 60, na muda mwingi inapita juu ya genge, mbali kidogo na maji. Tulitembea kama tunakimbizwa. Jioni tulikuwa tumechoka, miguu ina malengelenge, na kila mmoja anatazama simu yake kujua tumemaliza kilomita ngapi. Mto tuliuona kama mtu anavyoiona bahari akiwa ndani ya basi. Niliporudi chuoni nikaulizwa mto ukoje, nikasema ni mzuri. Basi. Sikuwa na neno la pili.

Safari ya pili tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuja na fimbo ya kuvulia inayokunjuka vipande vinne, uzito wake haufiki hata chupa ya maji. Mwendo ukabadilika palepale. Tulifuata ile njia ya zamani ya mikokoteni, ambayo huvuka mto mara kadhaa, kwa hiyo huna budi kuvua buti na kuingia majini. Kila kwenye kilindi tulisimama. Alinifundisha kwamba samaki wa pale anayetafutwa sana, besi wa mdomo mdogo, hakai popote tu. Anajificha nyuma ya jiwe kubwa, pale ambapo maji ya kasi yanakutana na maji yaliyotulia, anasubiri kamba wa mtoni apitishwe na mkondo. Ukitaka kumpata lazima ujue maji yanakwenda wapi, kina kiko wapi, na kivuli chako kinaanguka upande gani. Siku ile tulitembea kilomita tisa tu. Lakini hata leo naweza kukuchorea zile kona moja baada ya nyingine.

Usidhani hayo ni mapambo ya safari. Usiku ule tulipiga hema kwenye ukingo wa changarawe, kama wengi wanavyofanya. Kabla ya kulala mwenzangu alichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Nilimcheka. Mvua ilinyesha mbali, huko juu mto unakotoka, sisi tukapata manyunyu tu. Saa nane usiku aliamka, akamulika tochi, kijiti hakipo. Lile jiwe nililosimama juu yake jioni nikivua nalo halikuonekana, na maji yaliyokuwa kama kioo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulibeba hema likiwa halijakunjwa, tukapanda msituni kwa magoti na mikono. Asubuhi ukingo wetu ulikuwa chini ya maji. Mito ya Ozarks hupanda haraka namna hiyo, kwa kuwa mabonde ni membamba na miteremko ni mikali. Mtembeaji aliyekuwa ndani yangu hakuwa ameyatazama maji. Mvuvi ndiye aliyeyatazama, kwa mazoea ya kuyatazama siku nzima.

Sasa kasoro ya mvuvi. Mvuvi wa gari hubeba kila kitu: kiti, sanduku la barafu, fimbo tatu, vyambo vya kujaza duka. Akiwa na barafu anashawishika kuijaza. Anayetembea hawezi. Vyambo vyake ni vitano, koleo moja dogo, na hana pa kuweka samaki. Atachukua mmoja wa kula usiku ule, kama sheria inamruhusu, na wengine atawaacha. Miguu yako mwenyewe inakuwekea kipimo kabla askari wa wanyamapori hajafika. Tena wakati wa kiangazi sehemu za juu za Buffalo hupungua maji mpaka mitumbwi haipiti. Hapo wanaofika kwenye vilindi vya mbali ni wale wenye miguu tu. Hiyo ni nafasi, lakini pia ni dhamana, kwa sababu samaki waliobanana kwenye kilindi chenye maji ya moto huchoka upesi. Siku za joto kali, vua alfajiri, kisha acha.

Rafiki yangu atauliza tena: kama hamli, kwa nini kumchoma ndoano? Hoja hiyo siibezi. Kumrudisha samaki hakufuti maumivu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba nimeminya meno ya ndoano zangu ili itoke kwa urahisi, nalowesha mikono kabla ya kumshika, na simnyanyui hewani kwa ajili ya picha ndefu. Na nikimla, namla bila aibu, na ugali wa unga wa mahindi wa Kimarekani ambao hauna ladha ya nyumbani. Aliyenunua kopo la samaki dukani naye amemwua samaki, ila hakumwona.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni hili: mto ule unapitika kwa mwanafunzi asiye na hela kwa sababu watu waliupigania. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilipanga kujenga mabwawa juu yake. Mwaka 1962 daktari mmoja, Neil Compton, na wenzake walianzisha Ozark Society kupinga mpango huo. Mwaka 1965 gavana Orval Faubus naye akaukataa. Tarehe 1 Machi 1972 Rais Nixon alitia saini, na Buffalo ukawa mto wa kwanza Marekani kutangazwa mto wa taifa. Ukitaka kujua ingekuwaje vinginevyo, nenda kwa jirani yake, White River, chini ya bwawa la Bull Shoals. Maji yanayotoka kilindini mwa bwawa ni ya baridi mno kwa samaki wa asili, kwa hiyo serikali hupandikiza trauti. Wavuvi ni wengi na miji ya pale inafaidika. Lakini ule ni mto unaofunguliwa na kufungwa kama bomba.

Hata hivyo, tusishangilie upesi. Kwenye ile njia ya mikokoteni, karibu na kijito cha Sneed, kuna nyumba ya mbao iliyobaki tupu. Aliishi humo mama mzee, Eva Henderson, watu wakimwita Granny. Hifadhi ilipoanzishwa, wenye ardhi bondeni walitakiwa kuuza, na mwishoni mwa miaka ya 1970 naye akaondoka. Na kabla ya familia kama yake, Waosage waliwinda katika vilima hivyo, nao waliondolewa kwa mikataba. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ile nikila karanga, fimbo ikiwa imeegemea ukuta, na raha yangu ikaingia doa. Sisi tunaotoka nchi yenye hifadhi nyingi tunaijua hadithi hii vizuri: mto unaokolewa, na mtu aliyekuwa akinywa maji yake anaambiwa ahame. Sisemi mabwawa yangekuwa bora, maana nayo yangezamisha nyumba za watu. Nasema anayefurahia mto ule awajue waliolipa. Anayepita na gari haifikii nyumba ile. 

Kwa atakayepata nafasi: kata leseni ya uvuvi ya jimbo, maana ukishatimiza miaka 16 unaihitaji, na usome urefu na idadi ya samaki unaoruhusiwa katika sehemu hiyo ya mto. Usibebe chupa za kioo, haziruhusiwi mtoni. Chuja maji, hata yakiwa meupe vipi. Jikague kupe kila jioni. Angalia vipimo vya maji mtandaoni kabla ya kuondoka, na hema lipige juu. Bebeni mchele na maharage ya kutosha siku zote. Samaki akija ni kitoweo, asipokuja hamjafa njaa. Na punguza kilomita kwa nusu ya ulizopanga.

Kwa hiyo kaka, jibu lako ni hili. Samaki nilimrudisha, ndiyo. Ila kwa kumtafuta nilijifunza kuyasoma maji, na usiku ule kusoma huko ndiko kulikonitoa ukingoni. Ukija likizo nitakuonyesha jinsi ya kufunga ndoano. Kijiti utachomeka mwenyewe.