PENSHENI HAITOKI MLIMANI



Huko Marekani wako wazee wengi ambao, wakiisha kustaafu, huuza nyumba zao za mjini na kuhamia majimbo ya milimani, kama Idaho, Wyoming na Montana. Wanatafuta hewa safi, kimya, mito ya kuvua samaki, kodi ndogo, na majirani wanaoshika desturi za zamani, wasiopenda serikali iingilie mambo yao. Idaho na Wyoming hazijampa ushindi mgombea urais wa chama cha Democratic tangu mwaka 1964. Basi mzee apendaye siasa ya namna hiyo anajua pa kwenda.

Wengine watauliza: haya yatuhusu nini sisi wa reli wa Kenya? Yatuhusu, kwa kuwa miongoni mwa wazee hao wamo watu wa reli kama sisi. Tena kila mmoja wetu anahesabu miaka iliyobaki kabla ya siku ya kukabidhi taa na bendera, na kujiuliza ataishi wapi na kwa fedha gani.

Hatusemi kwamba wanaohama wanakosa. Mtu aliyefanya kazi miaka 30, usiku na mchana, jua na mvua, ana haki ya kukaa apendapo. Twasema mambo mawili tu. Asisahau fedha anazokwenda kula huko zilitoka wapi. Na akifika, asiwanyime wafanyakazi atakaowakuta kile ambacho yeye alikipigania.

Tutazame kwanza fedha zenyewe. Pensheni ya watu wa reli wa Marekani haikutoka mlimani, wala haikutoka katika huruma ya waajiri. Katika mgomo mkubwa wa mwaka 1894 askari waliletwa, watu wakauawa, na kiongozi wa wafanyakazi wa reli, Eugene Debs, akafungwa miezi sita. Watumishi weusi wa mabehewa ya kulala walianza chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph. Ilikuwa mwaka 1937 ndipo mwajiri alipotia sahihi mapatano nao. Miaka 12! Sheria ya pensheni ya reli nayo ilipitishwa mwaka 1934, na mwaka uliofuata mahakama kuu ikaitupa, majaji 5 dhidi ya 4. Vyama havikurudi nyumbani kulia. Viliketi na waajiri, vikapatana, na sheria ya mwaka 1937 ikawa msingi wa pensheni hiyo. Tangu mwaka 2002, mwenye miaka 30 ya kazi aweza kustaafu akiwa na umri wa miaka 60 bila kukatwa.

Tena liko jambo ambalo mwuza nyumba za milimani halitaji. Sheria ya nchi yao inakataza jimbo lo lote kutoza kodi ya mapato juu ya pensheni ya reli. Akae California au Wyoming, jimbo haligusi senti ya pensheni hiyo. Basi mzee wa reli aliyeambiwa ahamie Idaho ili aokoe kodi yafaa achukue penseli apige hesabu upya. Dukani atalipa kodi ya 6 kwa kila 100, hata kwa unga na maziwa, ingawa mwenyeji aweza kudai arudishiwe kiasi.

Sasa tutazame atakaowakuta. Mwaka 1985 bunge la Idaho lilipitisha sheria waiitayo ya "haki ya kufanya kazi". Gavana aliikataa, bunge likampita, na mwaka 1986 wapiga kura wakaithibitisha. Wyoming ilikuwa nayo tangu mwaka 1963. Jina lake ni tamu, lakini sheria hiyo haimpi mtu kazi. Inakataza mwajiri na chama kupatana kwamba kila anayefaidi mapatano alipie gharama zake. Anayelipa ada na asiyelipa wote hupata nyongeza ileile. Sisi tunaokusanya ada matawini twajua mwisho wake: mfuko hutoboka, na chama kisicho na mfuko hubisha hodi bila kufunguliwa. Mtu wa reli hakuiona shida hiyo, kwa kuwa reli hufuata sheria ya nchi nzima ya mwaka 1926, ambayo sheria ya jimbo haiwezi kuipita. Yeye alikuwa na mwavuli. Mpishi, mfagiaji na mwuguzi wa Idaho hawana.

Hata mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Idaho kilikuwa dola 7.25 kwa saa, kiwango kilekile cha mwaka 2009. Jimbo jirani la Washington, ng'ambo ya mpaka tu, lilikuwa limepita dola 16. Wakati huo huo watu walimiminika. Watu wa Idaho walikuwa 1,567,582 mwaka 2010, wakawa 1,839,106 mwaka 2020. Mgeni aliyeuza nyumba California huja na fedha tayari mkononi, na bei za nyumba zinamfuata yeye, hazimfuati mwenye dola 7.25. Miaka ya 2020 na 2021 bei za nyumba za Boise zilipanda upesi mno.

Mwenye shaka atazame mji wa Jackson huko Wyoming, makao ya matajiri. Wafanyakazi wake wengi hawawezi kupanga nyumba huko, hulala Victor na Driggs upande wa Idaho na kuvuka mlima kila siku. Mwezi wa Juni 2024 barabara hiyo ya mlimani, iitwayo Teton Pass, ilibomoka. Kwa majuma kadhaa, mpaka njia ya muda ilipofunguliwa, watu hao walizunguka mbali, saa nzima na zaidi juu ya safari yao ya kawaida. Ndipo wenye nyumba nzuri walipojua ni nani anayewapikia na kuwauguza.

Mstaafu na afikiri pia uzee wake wenyewe. Leo ana nguvu za kuendesha gari katika theluji. Akifika miaka 80 itakuwaje? Gari la moshi la abiria lililopita Boise na Pocatello, mji uliokuzwa na reli, liliondolewa mwaka 1997. Idaho imebaki na stesheni moja ya abiria wa safari ndefu, Sandpoint, na gari hupita usiku. Wyoming, ambayo reli ya kwanza ya kuvuka bara ilipita ndani yake kabla ya mwaka 1869 kwisha, haina hata moja. Mji huo huo wa Sandpoint, hospitali yake iliacha kuzalisha akina mama mwaka 2023, baada ya kupungukiwa madaktari. Mzee asiseme hayo ni ya wanawake vijana. Daktari akihama, hahami kwa mama mjamzito peke yake, na vijana wakikosa pa kuzalia, watakaomsukuma yeye katika kiti cha magurudumu watatoka wapi?

Wala msidhani watu wa milimani ni adui wa wafanyakazi. Wachimba migodi wa Coeur d'Alene, Idaho, walipigana na waajiri tangu mwaka 1892, na mwaka 1899 mamia yao walifungiwa bomani na askari bila kesi. Mwaka 2018 wapiga kura wa Idaho, wahafidhina wale wale, zaidi ya 60 katika kila 100, walikubali serikali ipanue matibabu kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2021, bunge la Montana, ambamo wahafidhina ndio wengi, liliukataa mswada wa "haki ya kufanya kazi". Mtu aweza kupenda desturi za zamani na bado akajua mshahara mdogo ni mdogo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mstaafu hana mwajiri tena, lakini ana kura. Idaho, mkopo wa kujenga shule ya umma haupiti mpaka theluthi mbili ya wapiga kura wakubali. Wageni wachache wakisema "wangu wamekwisha kusoma", watoto wa mpishi wanabaki katika madarasa yanayovuja. Huo ndio mlango tunaosema usifungwe. Aliyepandishwa na umoja wa wenzake asivute ngazi juu akiisha kufika.

Nasi tujitazame. Tunastaafu na kurudi nyumbani kwetu, wengine milimani vile vile. Mara ngapi mwanachama mzuri, aliyesimama nasi siku ya mgomo, amefika nyumbani akaajiri mchunga ng'ombe na mtumishi wa ndani kwa mshahara ambao yeye mwenyewe angeukataa asubuhi moja tu? Mara ngapi amewacheka wachuma chai wa jirani walipodai haki yao? Hilo haliko Idaho. Liko kwetu.

Twaomba kila tawi liweke jambo hili katika mkutano wake ujao: mstaafu wetu awalipe wanaomtumikia kima cha chini cha sheria, bila kupunguza, na aendelee kuhudhuria mkutano wa tawi lililo karibu naye. Atakayepinga na asimame aseme mbele ya wenzake. Tutamsikiliza.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Reli.