"Picha Ilikuwa Nzuri": Je, Hayo ni Maoni?



Jumamosi moja ya muhula uliopita tulitazama sinema katika bwalo la chuo chetu hapa Tabora. Mkufunzi mwenzangu alileta kompyuta na projekta, shuka jeupe likatundikwa ukutani, nasi tukaonyeshwa "Stanley and Livingstone", picha iliyotengenezwa Marekani mwaka 1939, ambamo Spencer Tracy anaigiza kuwa Stanley. Ilipokwisha, kila mtu alitoa lake. Mmoja alisema ni nzuri. Wa pili alisema ni ya kizamani mno, haina hata rangi. Wa tatu alidai kwamba inachosha. Mimi nami nilipoulizwa nilijibu kwa neno moja tu: "Nzuri." Kisha tukaenda kulala.

Siku chache baadaye nilikaa nyuma ya darasa la tano katika shule mojawapo ya msingi, nikimtazama mwanachuo wetu akifanya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa amewaonyesha wanafunzi kipande kifupi cha picha ile ile, kwa madhumuni ya kuwafundisha kujieleza. Aliuliza: "Nani ameipenda?" Mikono yote ikainuka. "Kwa nini?" Wakajibu kwa pamoja: "Kwa sababu ni nzuri!" Hapo somo lingekwisha, lakini mtoto mmoja wa kike alisimama akauliza: "Mwalimu, wale waliobeba mizigo waliitwa nani?" Mwanachuo alisita kidogo, kisha akajibu: "Wale ni wapagazi tu."

Sikuweza kumlaumu. Jumamosi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimewatazama wapagazi wale kwa zaidi ya saa nzima bila kuwaona. Lakini neno lile "tu" limenisumbua hadi leo, maana lilisemwa Unyamwezini, mbele ya watoto ambao, hapana shaka, wengi wao ni vitukuu vya wapagazi.

Hoja yangu ni hii: maoni kuhusu sinema yana thamani darasani pale yanapotanguliwa na kutazama. Mwalimu anayeanza kwa kuuliza "Mmeipenda?" amefunga mlango kabla ya kuingia ndani. Swali la kwanza na liwe "Mmeona nini?" Swali la kupenda au kutopenda lije mwisho, mtoto akiwa tayari ana kitu mkononi cha kuegemeza maneno yake.

Natambua kwamba baadhi yenu mtapinga. Mtasema sinema ni burudani. Kwa nini tuigeuze kuwa mtihani? Pingamizi hili lina uzito, kwani furaha ya mtoto ni mali ambayo mwalimu hapaswi kuipoteza. Hata hivyo, sinema haikuanza kufundisha jana katika nchi yetu. Tangu mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika wa makoloni yao. Tangu wakati huo picha imekuwa mwalimu, iwe imetengenezwa kwa nia hiyo au la. Mtoto anayetazama sinema kibandani, huku sauti ya mtafsiri ikimweleza nani shujaa na nani mjinga, anafundishwa jioni nzima. Akija kwetu asubuhi, sisi tunamwuliza tu kama amefurahi.

Hebu tuchukue picha ile ile tuitazame tena. Katika sinema, Stanley anafuatana na Mmarekani aitwaye Jeff Slocum, mzoefu wa mapori ya Marekani. Mtu huyo hakuwamo katika msafara wa kweli; alibuniwa na watunzi. Wazungu waliofuatana na Stanley mwaka 1871 walikuwa Shaw na Farquhar, na wote wawili walifariki huku huku bara. Miongoni mwa viongozi wa msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa Bara Hindi. Bombay alikuwa amekwisha kupita hapa Tabora, wakati ule pakiitwa Kaze, pamoja na Burton na Speke mwaka 1857, na baadaye alivuka bara zima pamoja na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Sasa mwanachuo anaweza kusema: "Nadhani picha hii ina kasoro, kwa kuwa imebuni kiongozi mgeni katika safari iliyokuwa na viongozi wake wenyewe." Hayo ni maoni. Mwenziwe anaweza kuyapinga kwa kusema kwamba mtunzi wa sinema ana ruhusa ya kubuni. Hayo nayo ni maoni. Watu hao wawili wanaweza kujadiliana mpaka kengele ilie, na darasa zima likafaidika.

Ili jambo hili lisibaki nadharia, napendekeza maswali manne, nayo yafuate utaratibu huu. Kwanza: Umeona nini na kusikia nini? Pili: Nani amepewa jina na nafasi ya kusema, na nani hakupewa? Tatu: Jambo lipi tunaweza kulihakikisha kwa kusoma, kuuliza wazee au kwenda kuona? Nne: Sasa, unaionaje picha hii, na kwa sababu gani?

Maswali haya hayahitaji umeme wala mashine. Katika shule isiyo na kompyuta, mtoto mmoja asimulie sinema aliyoiona, na wenziwe wamwulize. Yule ambaye hajawahi kutazama sinema yoyote hatabaki nyuma, maana kazi yake itakuwa kuuliza, na mwulizaji makini ana cheo sawa na msimulizi. Aidha, fanyeni mazoezi ninyi wenyewe kwanza. Wengi wenu mmesoma "Vuta N'kuvute", riwaya ya Shafi Adam Shafi, na mwaka 2021 ilitolewa filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji. Jadilianeni bwenini ni nini kilichobadilika kutoka kitabuni hadi kwenye picha, bila ya mtu kuruhusiwa kusema "nzuri" au "mbaya" katika dakika kumi za mwanzo. Mtashangaa jinsi zoezi hilo lilivyo gumu.

Kuhusu swali la tatu, sisi wa Tabora tumebahatika. Kwihara, ambako Stanley alikaa mwaka 1871 na ambako Livingstone aliachwa akisubiri watu kutoka pwani mwaka 1872, ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini. Mwaka 1873 mwili wa Livingstone ulipita hapo hapo, ukibebwa na Chuma, Susi na wenzao, waliosafiri nao kwa takriban miezi tisa hadi Bagamoyo. Darasa likisimama mahali pale, halihitaji kuambiwa na mwalimu kwamba historia haikutendwa na mtu mmoja aliyevaa kofia.

Narudi kwa mwanachuo wetu. Tulizungumza baada ya kipindi, nami nikamwungamia kosa langu la Jumamosi. Hatukulala mapema siku ile. Tuliandika upya andalio la somo. Kesho yake alirudi darasani na ndoo ya maji ya lita 20. Wanafunzi waliinyanyua kwa zamu. Akawaeleza kwamba ndoo ile ina kilo 20, na kwamba mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na kwamba kutoka Bagamoyo hadi hapa walitembea kilomita zipatazo 800. Akaandika ubaoni: Bombay, Chuma, Susi. Akaeleza pia kwamba mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mwenye kuijua njia. Kisha akamgeukia yule binti aliyeuliza swali siku iliyopita, akamwomba radhi mbele ya wenziwe kwa kusema "tu", akamwuliza anaionaje picha ile sasa.

Mtoto alifikiri kidogo, akasema: "Naipenda bado, mwalimu. Lakini walioitengeneza hawakuwauliza waliobeba."

Ndugu zangu, mtoto wa darasa la tano ameweza kuipenda picha na kuikosoa katika sentensi mbili. Sisi tuliokusanyika bwaloni, pamoja na vyeti vyetu, hatukuweza. Tofauti yetu na yeye ni ile ndoo ya maji na swali lililoulizwa mahali pake. Mtakapokwenda vituoni, msiende kuwauliza watoto kama wamefurahi kabla hamjawauliza wameona nini.