Hereni ya kwanza si pambo, jamani

Jumapili usiku, bwenini

Haya wapendwa, nimerudi. Nilipotea tangu chuo kifungwe, na walionitumia ujumbe kuuliza kama nimepata supu au nimeolewa, jibu ni hapana na hapana. Nilikuwa nyumbani Mbinga nauguza sikio. Ndiyo, sikio. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Basi ilikuwa hivi. Wiki ya mwisho ya mitihani, bumu limebaki la kuhesabu kwa vidole, mie na mwenzangu wa chumbani tukaingia saluni moja hapa mjini nikatoboe sikio la ndani. Sisemi ndewe; ndewe ninazo tangu nikiwa mchanga, kama wasichana wengi wa kwetu. Nasema kale kaukuta kagumu kanakojikunja ndani, juu kidogo ya mlango wa sikio. Kina dada wa saluni wanakaita deithi. Mwenzangu alishanipamba maneno: ukitoboa hapo na kipandauso chako kitaisha. Mie na kipandauso ni marafiki wa siku nyingi, nikaona napata urembo na tiba kwa bei moja.

Na nilijiona msomi, msicheze. Nilidai sindano mpya, nikaona pakiti ikifunguliwa mbele ya macho yangu. Nikadai glavu. Halafu dada akanisogezea kisanduku: "Chagua hereni mdogo wangu." Nikachagua kapete kembamba kanang'aa kama dhahabu, elfu tatu tu. Akakachovya kwenye spiriti, kakaingia. Picha tano, nyumbani.

Sasa kosa langu liko hapo, na ndilo lililonifanya niandike leo. Sindano ilikaa sikioni mwangu sekunde mbili, nikaikagua kama trafiki anayekagua leseni. Hereni ilikuwa ikae humo miezi, wala sikuiuliza imetengenezwa kwa nini!

Tuelewane kuhusu sikio. Ndewe ni nyama laini yenye damu ya kutosha, ndiyo maana hupona upesi. Juu na ndani ya sikio ni gegedu, na gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na ngozi nyembamba inayoifunika. Kwa hiyo kupona kwake ni kwa kujivuta: miezi 6 hadi 12, hata zaidi. Muda wote huo una kidonda, hata kama kwa nje kinapendeza. Na hereni ya kwanza ni kitu kinachoishi ndani ya kidonda. Si pambo bado. Inunue kama unavyonunua dawa, usiinunue kama unavyonunua bangili.

Kununua kama dawa maana yake ni kuuliza. Ni madini gani? Bora ni titani ya daraja la vipandikizi, ile ile wanayowekewa watu mifupani. Yenye alama ya ASTM F136 ndiyo yenyewe. Dhahabu inafaa ikiwa ni dhahabu kweli ya karati 14 au 18, si ya kupakwa. Ya kupakwa rangi ikibanduka, chini yake mara nyingi kuna nikeli, na nikeli ndiyo inayowawasha watu wengi. Chuma cha pua nacho kina nikeli ndani, wengine kinawakubali na wengine hakiwakubali. Fedha ivae kidonda kikishapona, maana ndani ya kidonda inachuja na kuchafua. Halafu uliza imesafishwaje. Kuchovya kwenye spiriti hakutoshi, kinachotakiwa ni mashine ya mvuke wa moto. Na iwe na nafasi, kwa sababu sikio litavimba. Pete iliyobana itazama kwenye nyama. Kale kangu kalikuwa kamebana. Niliona kanakaa vizuri.

Na bunduki ya kutobolea? Kwenye gegedu ikatae kabisa. Inasukuma kwa kishindo kitu butu, inaponda badala ya kukata, na nyingi zina plastiki isiyostahimili mvuke.

Nikapanda basi Mbezi, nikashuka Mbinga usiku. Anayeijua Mbinga mwezi wa saba anaijua baridi yake. Kofia ya sufu muda wote, na kila nikiivua inanasa kwenye kapete. Wiki ya pili nikateremka Mbamba Bay kwa bibi mzaa mama. Lami siku hizi inafika mpaka ziwani, safari yenyewe raha tupu. Sasa wewe fika Ziwa Nyasa, jua limewaka, maji yanaonyesha mchanga wa chini, halafu usiogelee! Niliogelea siku nne mfululizo, kichwa na masikio yote ndani.

Siku ya tano sikio likawa jekundu, la moto, limevimba hadi mikunjo inapotea. Ila ndewe yenyewe ilikuwa salama kabisa. Kariri dalili hiyo, nitairudia.

Nilimficha bibi nikashindwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mke mwenzangu, mbona leo umejifunga kitenge kichwani kama mgonjwa wa meno?" Nikafungua. Nilitegemea mahubiri ya mambo ya kizungu. Wala! Aliniuliza: "Uliichemsha?" Nikasema sindano ilikuwa mpya. "Nauliza hicho kichuma." Nikanyamaza. Akasema mama yangu alitobolewa kwa sindano na uzi vilivyochemshwa, na kwa wiki nzima hakuoga ziwani, alikuwa akiletewa maji ya kuchemsha. Bibi hajasoma hata kitabu kimoja cha vijidudu, na swali alilouliza ndilo lililonishinda mimi wa chuo kikuu.

Hapo nikakumbuka kitu kuhusu wanaotuambia kutoboa ni kuiga Wazungu. David Livingstone alifika Ziwa Nyasa mwaka 1859, na katika maandishi yake alieleza pelele, pete ambayo wanawake wa pande za Shire na ziwani walivaa kwenye mdomo wa juu. Pwani kuna majasi, vipuli na kipini cha pua. Hata neno ndewe lenyewe ni la kwetu. Mwili uliotobolewa si mgeni hapa. Kigeni ni haraka hii ya kutoboa Ijumaa na kusahau Jumamosi.

Nikaenda duka la dawa kununua amoksilini, maana ndiyo tunayoinunua kwa kila kitu, si ndiyo? Muuzaji akaangalia sikio, akakataa kuniuzia. "Hili si la dukani, nenda hospitali leo leo." Nilikasirika, leo namshukuru. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia mkoa wetu huu huu wa Ruvuma mwaka 2003, lengo mojawapo likiwa wauzaji wafundishwe na wajue mahali pa kukomea. Yule alijua.

Daktari alinieleza taratibu. Kijidudu kinachopenda kushambulia gegedu iliyotobolewa kinaitwa sudomonasi, nacho kinaishi majini na kwenye unyevu. Amoksilini hakiijali, ni kama kukipa pipi. Sikio la juu likiwa jekundu na kuuma huku ndewe ikibaki salama, ujue ugonjwa umeingia kwenye gegedu. Ukichelewa, usaha unaitenga gegedu na ngozi inayoilisha, inakufa, sikio linajikunja na halirudi umbo lake tena. Kapete akakatoa yeye mwenyewe, akanipa dawa nyingine. Nanyi yakiwakuta msichomoe kwa pupa wala msijitibu. Mwacheni daktari aamue.

Sikio limebaki na kovu dogo tu. Wengine wetu ngozi zetu huotesha makovu ya kuvimba. Kama kwenu yapo, fikiri mara mbili.

Kwa anayetaka kutoboa bado, sikukatazi. Nawe mikono. Safisha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale ya chupa ya dukani. Ukikoroga chumvi ya jikoni kwa kukisia unaunguza nyama. Kausha kwa kitu safi. Spiriti, Dettol na majivu weka mbali. Usiizungushe hereni. Lalia upande mwingine, spika za masikioni upande huo zipumzike, msusi mwambie. Na ziwa, bahari, mto, viache mpaka kidonda kipone. Kama unajua likizo yako ni Mbamba Bay, Liuli au Lituhi na huwezi kukaa pwani ukitazama wenzako wakiogelea, basi toboa ukirudi, au usitoboe. Mtaka uzuri hudhurika, lakini wahenga hawakusema mdhuriwe kwa uzembe.

Na kipandauso? Kipo. Kilikuja jana wakati wa lekcha kama kawaida. Hakuna utafiti wa uhakika unaoonyesha tundu la sikio linakitibu, kwa hiyo anayekuuzia tundu kama tiba muulize maswali mawili zaidi.

Nililipa elfu tatu kwa hereni. Nauli, hospitali na dawa viliimeza hela ya fotokopi ya semista nzima. Mwenzangu wa chumbani anataka kutoboa mwezi ujao. Nimemwambia nitamsindikiza, ila safari hii tunaanza na kisanduku cha hereni, sindano baadaye.

Ngoja nilale. Upande wa kushoto.