Kikuzio: Neno Linalosubiriwa Maabarani

Wapo wanaoshikilia kwamba istilahi za sayansi huundwa mezani, kamusi ya Kiingereza ikiwa mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Hali ya Garissa inaukanusha mtazamo huo.

Mwishoni mwa mwaka 2015, kipindupindu kilizuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Njia ya kuaminika ya kuuthibitisha ugonjwa huo ni kuwaotesha maabarani bakteria waliomo katika choo cha mgonjwa. Bakteria nao huhitaji chakula. Chakula chao cha kawaida, kwa lita moja ya maji, ni gramu 5 za peptoni, gramu 3 za dondoo ya nyama ya ng'ombe, gramu 5 za chumvi na gramu 15 za agari itokanayo na mwani mwekundu. Mchanganyiko huo hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15, ukamiminwa visahanini na kuganda. Bakteria wakipandwa humo, huachwa katika joto la nyuzi 37 hadi siku ya pili.

Je, mtaalamu wa maabara atamwelezaje mfugaji wa Kisomali kwamba jibu la mwanawe halitapatikana leo? Mara nyingi Kiswahili ndicho daraja baina yao. Lakini kamusi haimfai kitu: neno la Kiingereza litajalo uoteshaji huo ndilo lizoeleweka kuwa "utamaduni", na lile la mchanganyiko wenyewe, katika wingi wake, hufasiriwa "vyombo vya habari". Afasiriye neno kwa neno atamwambia mzazi kwamba utamaduni wa kipindupindu umo katika vyombo vya habari!

Kiswahili hakikosi njia. Kama chuja ilivyozaa kichujio, kuza nayo yaweza kuzaa kikuzio. Mzazi akiambiwa, "Tumewapanda katika kikuzio, kesho tutaona walioota," ataelewa, kwani kupanda na kuota anakujua.

Watapinga wengine kwamba biolojia ya shule za sekondari nchini Kenya hutahiniwa kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini mgonjwa hakuufanya mtihani huo. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi.

Historia ya agari yenyewe ina funzo. Kabla yake, Robert Koch na wenzake walitumia jelatini, ambayo huyeyuka hata kabla ya nyuzi 37. Juani Garissa ingekuwa uji. Mwaka 1881 Fanny Hesse, aliyeijua agari kutokana na mapishi, ndiye aliyeipendekeza. Maabara haikuona haya kuazima kitu cha jikoni. Haifai basi kuona haya kuazima neno la nyumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili na atoke maktabani, aingie maabarani akasikilize. Istilahi isiyofika kwa mgonjwa ni dawa iliyobaki kabatini.