Wajitoleaji wafunzwe kusoma maji kabla ya kukabidhiwa jembe

ALFAJIRI ya Jumamosi, matatu zinazopita Kimbo katika barabara kuu ya Thika hubeba abiria wa aina mpya. Hawaendi kazini wala sokoni. Ni vijana waliovalia viatu vizito, mikoba mgongoni, wakielekea Kilimambogo, msitu wa Karura, Kereita au milima ya Ngong. Tangu barabara hiyo ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012, mkazi wa Ruiru anaweza kupanda mlima asubuhi na kurejea nyumbani kabla ya giza.

Mtindo huu ni wa kupongezwa. Hata hivyo, umeleta swali ambalo wengi hawajalitafakari: ni nani atakayezitunza njia hizo za miguu, na je, anajua anachokifanya?

Jibu la kawaida ni kwamba wajitoleaji wapo. Kweli wapo. Tangu serikali ilipozindua Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na kutangaza Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti, Wakenya wengi wamezoea kujitokeza na majembe. Lakini kupanda mche ni kazi ya siku moja ambayo haihitaji maelezo marefu. Kutengeneza njia ni ujuzi, na ujuzi usipofunzwa nia njema huweza kuzidisha uharibifu.

Kosa la kwanza la mjitoleaji mpya ni kudhani kwamba njia huharibiwa na miguu peke yake. Miguu hulegeza udongo, lakini anayeuchukua ni maji. Njia inapokatwa kuelekea chini moja kwa moja, mvua huigeuza kuwa mfereji. Mfereji huo huchimbika, mizizi hubaki wazi, mawe hulegea, na mpita njia hulazimika kukanyaga pembeni. Nyasi za pembeni hufa, na njia iliyokuwa ya upana wa mita moja huwa ya mita tano.

Mkazi wa Kimbo hahitaji kwenda mlimani kuyashuhudia hayo. Msimu wa masika, vijia vya mitaani hujaa matope, wapita njia wakayakwepa kwa kukanyaga ukingo, na kesho yake ukingo huo nao ni tope. Tofauti ni kwamba mtaani changarawe huweza kuletwa kwa lori, ilhali mlimani udongo ukishaporomoka hakuna lori la kuurudisha.

Mjitoleaji asiyefunzwa akiliona korongo hilo hulijaza udongo. Mvua ya kwanza huuzoa wote. Mwingine hupanga mawe kukingama njia, maji yakatuama na kuwa bwawa. Wote wawili wametibu jipu wakaiacha homa. Aliyefunzwa huanza kwa kupanda juu, hatua kwa hatua, hadi mahali maji yanapoingilia njia. Hapo ndipo penye kazi, na mara nyingi ni kazi ya dakika chache: kuzibua mkondo uliozibwa na majani, au kuondoa tuta dogo la udongo lililojijenga ukingoni na kuyazuia maji yasitoke.

Kanuni zake si nyingi. Njia inapaswa kuinama kidogo upande wa bondeni, takriban sentimita tano kwa kila mita moja ya upana, ili maji yavuke badala ya kuifuata. Mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe. Kinga maji iwekwe kwa mshazari, kamwe isikingame moja kwa moja. Penye kona, njia za mkato zizibwe kwa matawi na mawe kabla hazijazoeleka. Zaidi ya yote, mwanafunzi apelekwe siku ya mvua, kwa sababu siku ya jua kasoro nyingi hujificha.

Maarifa haya si mageni kwetu. Wakulima wa Machakos, kaunti ambamo Kilimambogo imo, wamejenga kwa miongo mingi matuta ya fanya juu, na jina hilo la Kiswahili linatumiwa hata na wataalamu wa udongo nje ya Afrika. Mzee aliyewahi kuchimba matuta katika shamba lake anaweza kuwa mwalimu bora kuliko kijitabu chochote kilichochapishwa ughaibuni.

Lakini historia ya matuta ina onyo pia. Mnamo 1947 na 1948, wakazi wa Murang'a, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waligomea kazi ya kuchimba matuta waliyolazimishwa na utawala wa kikoloni. Ufundi wenyewe haukuwa mbaya. Waliokuwa wakiinama kuchimba hawakuulizwa lolote. Kazi ya kutunza ardhi haidumu pale ambapo mwenye kuitenda hana sauti.

Ndiyo maana sheria ni sehemu ya mafunzo. Njia iliyo ndani ya msitu wa serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kilimambogo, hifadhi ya taifa tangu 1967 yenye kilele cha mita 2,145, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na jina lake linakumbusha kwamba mbogo wangalipo. Kundi haliwezi kuingia humo na sururu kwa hiari yake. Mjitoleaji lazima ajue lipi alirekebishe papo hapo, lipi aliripoti, na lipi amwachie mhandisi.

Mlango wa ushirikiano upo. Sheria ya Misitu ya 2005, na baadaye ile ya 2016, ziliruhusu vyama vya kijamii kushiriki katika usimamizi wa misitu. Karura, ambayo Wangari Maathai na wenzake waliinusuru kutoka kwa wanyakuzi mwaka 1999, ni mfano. Chama cha Friends of Karura kilishirikiana na KFS, na msitu uliohofiwa kwa uhalifu ukawa na njia za zaidi ya kilomita 50 zinazotumiwa na familia. Hata hivyo, mvutano kuhusu ada za kiingilio uliofika mahakamani mwaka 2025 ulidhihirisha kwamba ushirikiano huo una misingi dhaifu pale panapozuka suala la fedha.

Nchini Marekani, njia ya Appalachian yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, iliyokamilika mwaka 1937, hutunzwa kwa sehemu kubwa na vilabu vya wajitoleaji. Kila klabu ina kipande chake. Kugawana vipande ndiko kunakompa mjitoleaji sababu ya kurudi.

Wapo watakaouliza, na kwa haki, iwapo ni sawa kumwomba kijana asiye na ajira afanye kazi ya bure huku mwenye gari akija kutembea. Hoja hii isipuuzwe. Anayejitolea hapaswi kugharimia nauli, chakula wala glavu. Aidha, aliyefunzwa apewe cheti kinachotambulika, na KFS, KWS na kaunti zimfikirie kwanza zinapoajiri vibarua. Ujuzi wa kuongoza maji hauishii mlimani. Unahitajika katika kila mtaa wa Ruiru wenye mtaro ulioziba.

Mafuriko ya 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, yalionyesha jinsi maji yaliyokosa pa kupitia yanavyojitafutia njia. Mlimani kazi hiyo huanza kimyakimya, kwa mchirizi usiozidi upana wa kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini kabla ya kuuziba ni lazima mtu afunzwe kuuona, na hilo ndilo somo la kwanza ambalo mjitoleaji anapaswa kupewa.