Kipaji cha Kijana Kisigeuzwe Biashara
Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011, akaichezea TP Mazembe ya Lubumbashi, ndipo akafika Genk, Ubelgiji, mwaka 2016. Vijana wetu wengi wanaiona Genk, hawaioni Lubumbashi. Mawakala matapeli huitumia haraka hiyo: huidai familia maskini nauli na ada ya majaribio, shamba likauzwa, kisha kijana akatelekezwa ugenini.

Wapendwa wazazi, kanuni za FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Anayetaka fedha zenu ili amsafirishe mtoto wa miaka 16 hamtafutii ajira, anamfanya bidhaa. Kipaji ni zawadi ya Mungu: tukilee kwa subira, tusikiweke rehani.