Kibali cha ujenzi kifuate mwendo wa mjenzi

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Mji wa Handeni na Mji wa Korogwe

Ndugu Wakurugenzi,

Piteni pembezoni mwa miji yenu mtazame maboma. Hapa msingi umeota majani, pale ukuta umeishia kwenye linta, kule chumba kimoja kimeezekwa na familia imeshahamia. Mama lishe, dereva wa bodaboda na kibarua wa mkonge hujenga hivyo: saruji inanunuliwa biashara ikichanganya, kisha kazi inasimama.

Taratibu zetu, hata hivyo, zimetungwa kwa mtu mwenye fedha zote mkononi. Hati humtaka akiendeleze kiwanja ndani ya miezi 36, na kibali huombwa kwa ramani ya nyumba nzima, ambayo kuichora tu ni gharama. Asiyeweza hujenga kimyakimya kwenye eneo lisilopimwa, na barabara ikija anabomolewa.

Nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi. Mpango wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 ulianzia Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, kisha ukafika Tanga mjini: serikali ikapima na kuleta maji na barabara, mwananchi akajijengea.

Ninachoomba ni ofisi zenu za mipango miji zichore ramani chache za nyumba inayokua, na kuzitoa bure. Hatua ya kwanza iwe vyumba viwili na jiko. Choo kikae mahali ambapo nyumba ikipanuka hakitafukiwa, maana wengi huchimba shimo mara mbili kwa kukosa mtu wa kuwaelekeza. Mlango wa baadaye uwekewe linta tangu siku ya kwanza na tundu lizibwe kwa matofali ya udongo. Paa liezekwe kwa namna ya kuendelezwa bila kuezuliwa. Kule Iquique, Chile, msanifu Alejandro Aravena alizikabidhi familia nusu ya nyumba mwaka 2004, ile nusu ngumu kuijenga, nazo zikamalizia nusu iliyobaki. Kwetu mafundi wa kumalizia wapo kila mtaa.

Kibali nacho kitolewe kwa hatua, na ada ilipwe kwa hatua.

Mradi wa maji wa miji 28 umezijumuisha Handeni na Korogwe. Pimeni njia za mabomba na za mitaa sasa, kabla maboma hayajazikalia, na gharama ya ramani hizo za nyumba iingizwe kwenye bajeti ijayo.

Wenu,
Mkazi wa Mkoa wa Tanga